Bawa la Catalina

Nyumbani kwetu Bumula, zaidi ya kilomita 800 kutoka magati ya Kilindini, Mombasa, juu ya kabati la vyombo la marehemu Kukhu, bibi yangu, hukaa ndege ya baharini. Kuka, babu yangu, aliichonga mwenyewe aliporudi kutoka vitani. Mwili ni mvule mtupu, umeingia weusi wa moshi na wa mikono ya watoto wa vizazi vitatu. Bawa ni lusiola, mti mwepesi tunaoupanda mipakani mwa mashamba. Halikulala mgongoni mwa ndege. Limeinuliwa juu ya shingo fupi na kushikiliwa na vijiti viwili kila upande, na injini mbili zimesogezwa karibu na shingo hiyo. Kwenye ncha za bawa kuna maboya yanayoning'inia. Kuka aliyafunga kwa spoki za baiskeli, hata ukiyasukuma kwa kidole yanapanda, yanajikunja, yanageuka kuwa ncha zenyewe za bawa. Ndivyo Catalina halisi ilivyofanya ikishaacha maji.

Ubavuni, nyuma ya bawa, mna madirisha mawili yaliyobinuka. Hayo ni pembe ya ng'ombe. Aliichemsha, akaipasua, akaikwangua hadi mwanga ukapita. Ukiweka jicho upande mmoja, na mwenzako akamulika tochi upande wa pili, unaona ndani vitanda viwili vya urefu wa kidole, kwa sababu watu wa ndege ile waliruka mchana na usiku na iliwabidi walale kwa zamu. Katika boma letu hakuna kitu watoto walichokatazwa kukigusa zaidi ya ndege hiyo, wala hakuna walichokigusa zaidi.

Basi Agosti ya mwaka wa tohara, bawa lake la kushoto likaingia motoni.

Sisi Babukusu hutahiri Agosti, katika mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mwaka huo omusinde, yaani mtahiriwa, alikuwa mtoto wa mdogo wangu, na boma lilifurika. Chinyimba, njuga za mtahiriwa, zililia tangu jioni, busaa ilikuwa imeiva, na wazee kutoka Kimaeti, Khasoko na Siboti walikuwa wameshaketi na mirija yao. Nyumba ya Kukhu ilitakiwa ipate nafasi, kwa hiyo vijana walilibeba kabati wakalitoa nje. Mmoja wao akaiteremsha ndege kwa heshima zote, akatafuta mahali pakavu ambapo mlevi hangeikalia, akaiweka jikoni kwa nje, juu ya rundo la kuni.

Shemeji yangu, mama wa mtahiriwa, alikuwa hapo jikoni na sufuria la ugali ambalo mtu mmoja haligeuzi. Moto ulikuwa unashuka, kuni zilizo mbele yake zilikuwa mbichi, na macho yalikuwa yamejaa moshi. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Mkono ukapata ubao mwembamba, mkavu wa miaka zaidi ya sabini. Akauvuta, ukakatika, akausukuma chini ya sufuria. Kilichomshtua ni spoki. Ilianza kuwa nyekundu, na boya likaanguka kutoka kwenye moto likabiringika hadi miguuni pake. Aliuchomoa ubao ule kwa mkono mtupu. Kiganja kilibabuka, na asubuhi alifungwa kitambaa huku mwanawe akirudishwa kutoka mtoni akiwa amepakwa matope, tayari kusimama mbele ya kisu. Siku moja, mama na mwana wote wawili walikuwa na jeraha.

Mwenye ndege ni Senge, dada mkubwa wa baba, mzaliwa wa kwanza wa Kuka. Aliletewa kilichobaki kikiwa kwenye ungo. Hakupiga kelele. Alilitazama bawa lililoungua, akatazama mkono wa shemeji, akasema: "Mpakeni dawa kwanza. Hili lingine tutalikalia wageni wakiondoka."

Tulilikalia chini ya mfenesi, ukoo mzima. Vijana walidhani ni kikao cha kumtafuta mwenye kosa. Senge aliwakatiza mapema. Alisema anataka kila mmoja ajue kwanza kilichoungua ni nini, kwa maana wengi wetu tuliijua ndege tu, hatukujua habari yake.

Kuka alipanda treni Bungoma mwaka 1942, kijana aliyetoka jandoni miaka michache nyuma, akaandikwa kazi ya nguvu jeshini. Bahari ya Hindi ilikuwa imechafuka. Aprili ya mwaka huo ndege za Japani zilipiga Colombo na Trincomalee, na kundi la meli za kivita za Uingereza lililokuwa Ceylon likarudi nyuma hadi Kilindini. Juni na Julai nyambizi za Japani zilizamisha meli zaidi ya ishirini katika mlango wa bahari wa Msumbiji. Ili kuziwinda nyambizi hizo zililetwa Catalina, ndege za Kimarekani zenye tumbo la mashua, na makao yao Mombasa yakawa Kipevu, ng'ambo ya kisiwa, penye maji yaliyotulia.

Skwadroni ya kwanza kukaa pale ilikuwa ya 209, na haikuwa ya kubahatisha. Asubuhi ya 26 Mei 1941, Catalina yake moja iliyoruka kutoka Lough Erne, Ireland ya Kaskazini, ndiyo iliyoiona manowari ya Kijerumani Bismarck baada ya meli zilizokuwa zikiifuata kuipoteza. Nembo yake ni tai mwekundu anayeanguka, kumbukumbu ya siku ya Aprili 1918 alipoangushwa Manfred von Richthofen. Februari 1943 ikaundwa skwadroni nyingine papo hapo Kipevu, ya 259, na Machi ikaundwa ya 265. Hivyo kijana wa Bumula, ambaye maji mengi aliyokuwa ameyaona ni mto Nzoia ukifurika, alijikuta akifanya kazi ndani ya maji ya chumvi hadi kifuani, chini ya mabawa ya vikosi vitatu.

Kazi yake hasa ilikuwa kuvuta. Nitaieleza, kwa sababu baadaye ilitugombanisha. Catalina za Kipevu hazikuwa na magurudumu yao. Zilitua majini, zikafungwa kwenye maboya, na fundi alizipandia hapo hapo kwa mashua. Lakini chumvi hula bati, na konokono wa baharini hushika tumbo la chombo chochote, kwa hiyo kila baada ya muda ndege ilibidi itolewe nchi kavu, ioshwe kwa maji baridi na kukwanguliwa. Hapo ndipo watu kama Kuka walipoingia majini wakisukuma magurudumu makubwa yenye mapipa ya kuyafanya yaelee. Waliyasogeza hadi ubavuni, wakayashikiza kwa pini wakiwa wamesimama kwenye mawimbi, wakafunga jingine chini ya mkia, kisha kamba ikapelekwa kwa trekta lililokuwa juu ya mteremko wa saruji. Ndege ikatoka kinyumenyume, mkia mbele, mfano wa ng'ombe anayetolewa matopeni. Ikirudi majini, magurudumu yalifunguliwa yakabaki ufukweni. Rubani hakuruka nayo.

Senge alisema baba yake hakuwahi kupanda ndege ile ikiruka. Aliipanda ikiwa imefungwa tu, akibeba maji, mikate na mikebe ya chakula. Hapo ndipo alipoviona vitanda.

Kisha akaeleza kwa nini aliichonga.

Kulikuwa na kijana wa pili kutoka Bumula, mmoja wa bakoki zake, walioshika kisu mwaka mmoja. Huyo aliingia jeshi lenyewe, kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Mapema Februari 1944 kikosi hicho kilipandishwa meli iitwayo Khedive Ismail pale Kilindini, kwenda Ceylon na baadaye Burma. Wawili hao waliagana Mombasa. Tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo kwa torpedo mbili. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Karibu watu 1,300 walikufa, wengi wao wapiga mizinga wa kikosi hicho, pamoja na wauguzi wanawake waliokuwa wakienda kazini. Meli mbili za kivita za Kiingereza, Petard na Paladin, ziliiandama nyambizi hiyo siku hiyohiyo hadi zikaiangamiza, lakini wa Bumula hakurudi.

Vita vilipokwisha Kuka alikwenda kwa mama wa mwenzake. Mama yule hakulia mbele yake. Alimwuliza swali moja: ninyi mliokuwa na vyombo vya kuruka, mlikuwa mnalinda nini? Kuka alijaribu kueleza na hakueleweka, kwa sababu huku hakuna bahari ya kuonyesha kwa kidole. Akarudi nyumbani, akakata gogo la mvule. Aliichonga ndege ili aende nayo, aiweke mbele ya mama, amwonyeshe bawa lilivyokuwa refu, matangi yalikokaa, watu walikolala, na amweleze kwamba hata chombo kile, kilichoweza kukata takriban kilomita 4,000 kwa mkupuo mmoja, kisingefika kutoka Kipevu hadi Maldivi na kurudi. Maldivi peke yake ni zaidi ya 3,500 kwenda. Mama aliisikiliza habari hiyo hadi mwisho, akaiweka ndege nyumbani kwake. Ilikaa huko hadi alipofariki, watu wake wakaileta kwetu.

"Kwa hiyo," Senge alimaliza, "ndege hii si ya kabati. Ni jibu ambalo baba alimpa mama wa watu."

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa juu ya mkono wake uliofungwa. Kisha yakaanza maneno ya kazi: nani ataitengeneza?

Binamu yangu wa Mombasa alipendekeza ipelekwe Changamwe, kwa wachongaji wa Kikamba walio kwenye barabara ya Port Reitz. Ushirika wao upo tangu 1963, na ufundi wao una nasaba: husimuliwa kwamba ulianza na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kuchonga alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Tena kuna haki fulani katika wazo hilo, maana uwanja wa ndege ulio jirani nao ndipo Skwadroni ya 621 ilipoundwa Septemba 1943 na ndege zake za Wellington, zilizokuja kuibana nyambizi ya Kijerumani U-852 kwenye pwani ya Somalia Mei 1944. Mimi ningekubali. Senge alikataa. Alisema kitu cha ukoo kikipanda basi hadi Mombasa, ukoo mzima utalazimika kupanda pamoja nacho.

Baba mdogo akasimama. Ni fundi wa mbao sokoni. Vitanda vyake, milango yake na majeneza yake yamejaa kata nzima. Alisema: "Baba aliniachia randa yake. Nipeni."

Akapewa. Sisi wa mbali tukarudi makazini.

Tuliporudi kwa sherehe ya kumtoa mtahiriwa, ndege ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufumwa. Baba mdogo alikivuta kwa furaha. Alikuwa ametengeneza bawa jipya zima kwa grevilea, amelipiga msasa hadi likateleza, na kila upande ulikuwa umerudi nyuma, umbo la ndege za kivita tunazoziona kwenye gwaride la Jamhuri. Shingo hakuiona maana yake, akaing'oa, akalikaza bawa mgongoni kwa skrubu. Na chini, akiwa ameifikiria ndege hiyo jinsi mzazi anavyomfikiria mtoto asiye na viatu, alikuwa ameweka magurudumu matatu ya lori la kuchezea.

Senge aliizunguka meza. "Haya ni nini?"

"Magurudumu, dada. Itatua wapi bila magurudumu?"

"Majini."

"Na ikitoka majini?"

"Inatolewa na baba yako."

Kimya kikaingia chumbani. Lakini Baba mdogo si mtu wa kushindwa kwa neno moja, na boma likagawanyika pande mbili usiku uleule. Upande wake walikuwamo vijana, na walikuwa na hoja ya kweli: walitafuta kwenye simu wakapata picha za Catalina zenye magurudumu yanayojikunja ubavuni. Ndege hizo zilikuwapo. Wamarekani waliziita PBY-5A, zikitua majini na nchi kavu. Upande wa Senge ulikuwa na Senge, na kumbukumbu yake ya baba aliyerudi na kovu la pini kwenye kiganja. Ilinibidi nieleze kwamba zote mbili ni Catalina, ila vikosi vya Kipevu vilirusha zile za tumbo tupu, na kwamba kazi yote aliyoifanya Kuka kwa miaka mitatu isingekuwapo kama zingekuwa na magurudumu. Ukiyaweka, unamfuta yeye. Hoja hiyo iliwaingia vijana. Baba mdogo aliyafungua yale magurudumu bila kusema kitu, akamrudishia mtoto lori lake. Shingo alikuwa ameihifadhi kwenye mkebe wa Kimbo, na hilo tulimshukuru.

Haikuisha. Mpwa wangu, mwalimu wa Kiswahili, alikuwa ameona kibao kilicho chini ya ndege, ambako Kuka alichonga maneno HAYA INGIA NAPIGANE. Alihuzunika kwamba ukoo umeishi na sentensi isiyo sanifu kwa miaka yote hiyo, akaazima patasi ili aisahihishe. Nilimkuta ameshapiga mstari wa penseli juu ya NA. Maneno hayo ni kaulimbiu ya Skwadroni ya 259, ilivyoandikwa na wenyewe, Kiswahili cha kambini cha mwaka 1943, na ndiyo alama pekee inayotuambia Kuka alichonga ndege ya kikosi gani kati ya vile vitatu. Kikosi hicho kilizaliwa Kipevu, kikahamia Dar es Salaam Septemba 1943. Mwezi mmoja kabla ya kuhama, tarehe 20 Agosti, Catalina yake moja iliikuta nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska, ikaijeruhi, ikabaki ikiizungukia isiiache ipotee, hadi Catalina ya Skwadroni ya 265 ilipofika na kuimaliza. Watu wote 67 waliokuwa ndani walikufa. Nilimweleza mpwa wangu hayo. Aliufuta mstari wa penseli kwa mate na kidole, akaomba nimwachie kibao akisome vizuri.

Sasa ikabaki kazi yenyewe: bawa. Nusu ya kulia ya bawa la zamani ilikuwa salama, ya kushoto imebaki kipande cheusi. Baba mdogo alikubali kuirudia, lakini alitaka vipimo. Hatengenezi kitu kwa kubahatisha. Nilimpa vya vitabuni: Catalina ilikuwa na urefu wa mita 19.5, na bawa lake, ncha hadi ncha, mita 31.7. Tukapima mwili wa mvule: sentimita 61. Kwa hesabu hiyo bawa zima lilipaswa kuwa sentimita 99, nusu yake 49 na kidogo. Tukapima nusu iliyosalia, kutoka katikati ya shingo hadi ncha.

Sentimita 49 na nusu.

Baba mdogo aliweka futi chini. "Alipimaje? Hakuwa na kitabu."

Senge alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga ya saga. Akasema bila kuinua macho: "Bawa lilikuwa hatua 42. Mwili hatua 26."

Kumbe alipokuwa mtoto, Kuka aliwapanga wao wote uani jioni za mwezi. Mmoja alisimama mlangoni mwa jikoni, akatembea hatua 42, mwingine akasimama hapo. Ndilo bawa. Kisha akakata katikati, akahesabu 26, wa tatu akasimama kwenye mkia. Aliwaambia wanyooshe mikono, na yeye akapita katikati yao akiwaonyesha alipoingiza pini. Ndivyo alivyoipima Kipevu, kwa miguu, ndege ikiwa juu ya saruji inaoshwa, afisa hayupo.

Tulitoka nje palepale. Senge, fimbo mkononi, aliwaweka vitukuu mahali pao. Kutoka mlango wa jiko bawa lilipita mfenesi, likapita kamba ya kuanikia nguo, likaishia kwenye ua la jirani. Watoto walioijua ndege ya kabatini tu walipiga yowe. Shemeji alisimama katikati, mahali pa shingo, akageuka huku na huku akiangalia ncha zote mbili. Sidhani kama kuna mtu aliyelitazama kwa makini kuliko yeye.

Baba mdogo hakutoka. Tulipoingia tulimkuta ameiinamia meza. Alikuwa ameweka kidole gumba chake juu ya bawa la kulia, kwa upana, akakisogeza, akakiweka tena, akihesabu kwa sauti ya chini. Alifika ncha kwenye ishirini na moja. Akaanza upya kwenye mwili, kutoka pua hadi mkia. Ishirini na sita.

Hatua moja, kidole gumba kimoja. Kuka alikuwa ametembea ndege nzima, kisha akaishusha kwenye mbao kwa kidole chake, na Baba mdogo amezaliwa na kidole hichohicho. Futi yangu haikuhitajika tena.

Kuanzia hapo mkono wake ulibadilika. Alikataa grevilea na alikataa lusiola mbichi, kwani ingepinda ikikauka. Akapanda kwenye ghala la mahindi la zamani, lililokuwa linangoja kubomolewa, akang'oa papi moja ya lusiola iliyokauka humo tangu sisi tukiwa wadogo. Aliranda hadi weupe ukatokea. Alilikata bawa la zamani hadi kaa lote likaisha, akachonga ncha zote mbili kwa mshazari mrefu, akazilaza moja juu ya nyingine kwa gundi, akazifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Sehemu ya kati aliiacha na upana uleule, kisha akaipunguza taratibu kuelekea ncha, akifuata nusu ya baba yake kwa kidole. Boya lililookoka motoni lilirudi mahali pake kwa spoki mpya. Shingo ikatoka kwenye mkebe. Vijiti viwili vya kila upande alivichonga upya, na tulipokibonyeza kile kiungo cha bawa hakikutoa hata mlio.

Rangi ilituletea mashauri mafupi. Nusu ya kulia imekuwa kahawia kwa moshi, ya kushoto ni nyeupe. Vijana walitaka ipakwe yote. Senge alisema isipakwe. Moshi utaifikia yenyewe. Nakubaliana naye. Anayeingia nyumbani leo anaona mahali baba alipoishia na mahali mwana alipoanzia, na akiuliza anajibiwa.

Ndugu wa yule aliyezama na Khedive Ismail waliitwa siku ya kuirudisha. Mmoja wao, anayefanya kazi Nairobi, alikwenda makaburi ya vita ya Ngong Road, kwenye mnara unaobeba majina ya wapiga mizinga wa kikosi cha 301, akalipiga picha jina la mzee wao. Picha hiyo sasa iko kwenye fremu chini ya ndege. Upande wa Kuka hakuna mnara wowote. Binamu alipokwenda kuitafuta Kipevu ya wakati ule alikuta mitambo ya umeme, matangi ya mafuta na gati la makontena, na mlinzi aliyemwambia hapaswi kupiga picha. Jina la Kuka haliko kwenye nembo ya tai wala kwenye kaulimbiu. Liko kwenye vidole 42 vya bawa, na ndiyo sababu mimi naona ndege hii ni hati ya skwadroni sawa na daftari lolote la rubani, na ingefaa wenye makumbusho yetu wazitafute nyingine za namna hii kwenye makabati ya Bungoma, Kakamega na Busia kabla hazijafikiwa na sufuria la ugali.

Senge alipomaliza kuipandisha juu ya kabati alimwita shemeji, akampa ufunguo wa chumba. Watu walishangaa. Senge akasema aliyeitoa motoni kwa mkono mtupu hataiacha iguswe. Tangu siku hiyo shemeji ndiye anayewapokea wageni na kuwaeleza, na anaeleza vizuri kuliko sisi, kuanzia pini hadi I-27, huku kiganja chenye kovu kikionyesha.

Baba mdogo amekwisha kuanza nyingine. Mwaka 1945 Skwadroni ya 209 ilipokea Sunderland, ndege ya baharini yenye injini nne, na Senge anakumbuka baba yake akisema kuizungusha ile majini kulihitaji watu mara mbili. Bawa lake lilikuwa mita 34.4 na mwili mita 26, yaani, kwa hesabu ya nyumbani, vidole 46 na vidole 34. Gogo la mvule liko karakanani, limeshaandikwa penseli. Linalogombaniwa sasa ni mahali itakapokaa: Baba mdogo anasema kwake, mpwa wangu mwalimu anaitaka shuleni, na shemeji amesema wazi kwamba mwenye ufunguo ni yeye na nafasi juu ya kabati ipo.